Mnyororo wa Geti

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mama yako ameshameza dawa zake, usimpe tena. Watoto bado wamelala.

Sasa nisikilize. Huo mnyororo uliolifungia gari lako la kizamani kwenye geti ili lisiibwe, umetufungia na sisi. Umetoka kwenda mazoezini, ukapiga kufuli kwa nje, ukaondoka na ufunguo. Simu yako nayo inaita chini ya mto. Wodini wagonjwa wananisubiri, nikaona basi, nipande ukuta na sare yangu ya unesi. Jirani kaniona mguu mmoja uko juu, akaanza: "Mwizi! Mwizi!" Sketi imechanika. Mama yako kaona yote dirishani, kacheka mpaka kikohozi kimemshika.

Nimerudi ndani kubadilisha nguo. Jirani kaleta ngazi, yuko hapo nje anaomba radhi bila kupumzika.

Sketi iko kwenye kiti. Ishone wewe. ~~Na usinisemeshe nikirudi.~~ Hapana, nikirudi tutaongea sana.

Juzi paka karuka juu ya boneti, ukakurupuka na tochi. Mimi nikirudi kutoka zamu ya usiku, hata hugeuki.

Na gari lenyewe haliwaki tangu kitinda mimba wetu azaliwe! Akija mwizi anayeweza kuliwasha, mfungulie geti, mkaribishe chai. Huyo ndiye fundi tuliyemkosa.

Ni mimi mkeo,
mwizi pekee aliyewahi kukamatwa hapa.