Nimekunywa Moyo wa Kichina

Bi Mshauri, salamu nyingi, nisaidie, nina jambo na sina pa kulitua. Mimi kusoma sijui, anayeniandikia ni jirani yangu Rahab, muuguzi, nimemwambia aandike nisemavyo na asinicheke. Mjukuu wangu Lubna anasoma Kichina shuleni, Kiswahili nikimsemeza hunijibu Kizungu, lakini Kichina anakipaka kwa brashi na wino utasema kazaliwa huko, basi akaacha karatasi ya neno moja mezani jikoni ikauke, akanionyesha zile nukta za chini na kikunjo chake, "Bibi, this is heart," nikaelewa, maana heart ndilo neno la daktari wangu. Sasa mimi moyo hunidunda, na kwetu Mombasa tukiugua baba alituandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, unaiosha kwa marashi unakunywa, sahani yenyewe ya maua mekundu, dada yangu aliivunja akamsingizia paka, haya tuyaache. Lubna alipokwenda shule nikaiosha ile karatasi, wino ungali mbichi, nikanywa, uchungu wake! Karatasi ikararuka, nikaitupa.

Kumbe ni ya maonyesho ya shule, na neno lenyewe, Lubna alisema huku analia, juu ni kupotea, chini moyo, maana yake kusahau. Anasema mamake, mwanangu Khadijah, ndiye kaitupa. Tangu Ijumaa hawasemezani, wananituma mimi. "Bibi, tell her." "Mama, mwambie mjukuu wako." Na mimi nasahau kweli, juzi sufuria ya chai imeungua. Nikisema watanicheka, nisiposema nyumba inavunjika. Nifanyeje?

Bimkubwa, Oakdale

Bi Bimkubwa,

Pole kwa uchungu wa wino, lakini nitakugombeza. Anayekumbuka sahani ya babake mpaka maua hajasahau kitu. Sufuria huungua hata kwa wanaokunywa chai tupu. Kombe ni aya, na huandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Ule ulikuwa wino wa shule.

Moyo unaodunda kamwonyeshe daktari wiki hii, Rahab akupeleke, na useme ulichokunywa.

Leo Lubna akiingia, hata kabla hajavua koti, mwambie mbele ya mamake: "Niliiosha nikainywa." Usianzie Mombasa. Atalia, kisha atacheka, na akicheka mwache. Aandike nyingine, wewe kaa mbali na meza.

Halafu mgeukie Khadijah umwombe radhi. Tangu Ijumaa anawapikia, na anajua hana kosa.