Binamu wa Nyumba Namba Saba

Njambi uko? Nimejiaibisha vibaya sana hapa Mutuini.

Mtu wa ushuru amekuja kwa ploti yangu ya nyumba za kupangisha. Anauliza mbona sijawahi lipia hizi rental ushuru. Nikapanic, nikamwambia wapangaji wote ni familia, wanakaa bure.

Bure, Njambi! Mimi!

Akanionyesha mama mmoja mwenye alikuwa anaanika nguo. "Huyu ni nani yako?"

"Binamu yangu."

"Anaitwa nani?"

Nikasema Namba Saba. NAMBA SABA!! Namba ya mlango!

Huyo mama akageuka, akamwambia, "Mimi ni Philister. Binamu yake."

Na mwezi jana nilimfungia nyumba na kufuli juu ya deni ya rent, akalala nje na watoto.

Jumatatu nimeitwa ofisi ya ushuru. Philister amerudi kuanika nguo zake, hata haniangalii.

Miaka sita amepanga kwangu, Njambi. Jina lake nimelijua leo.