Mguu wa Kurukia wa Mama Atim

Jumatano. Mvua imekatika, mtaa wetu wa Kyebando wote ni matope, na mimi sina moyo hata wa kufagia mlangoni.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Mjukuu alinifungulia ukurasa huu ili nijisifie humu, nisimchoshe yeye. Basi nijisifu. Katika kambi yetu ya polisi hakuna mwanamume aliyenipita kwa mbio. Muulize yeyote ambaye bado yuko hai.

Leo sifa haikai mdomoni.

Mke wangu, Mama Atim, amelazwa hospitali huko Mengo. Sukari imeula mguu wake wa kushoto. Daktari anataka kuukata kesho, anasema ukibaki utamchukua mwenyewe. Mama Atim amekataa. Juzi alikataa, jana akakataa. Watu husema mimi ndiye mbishi. Hawamjui huyu.

Asubuhi daktari, kijana mpole, akamuuliza tena kwa nini.

"Huo ndio mguu wangu wa kurukia," akajibu. "Kateni huu mwingine."

Daktari akanitazama, akidhani homa imempanda kichwani. Ikabidi nimweleze. Mama Atim alikuwa polisi kama mimi, na kwa kuruka mbali hakuna mwanamke wa kambi yoyote aliyemfikia. Wanaume tuliruka kwanza, mchanga ukiwa laini. Wanawake waliachiwa jioni, mchanga tumeshaukanyaga, na hakuna wa kuusawazisha. Alichukua reki mwenyewe, akasawazisha, akabana sketi yake kwa pini, akaruka. Mama yake alimwonya kwamba kizazi kitaharibika. Alizaa, akarudi kuruka.

Mshindi wa wanaume alipewa redio. Yeye alipewa beseni.

Daktari akasema hakujua kama wakati ule wanawake waliruka.

"Na huyu afande amekwambia alikuwa namba moja, siyo?" Mama Atim akanionyesha kwa kidevu. "Muulize kuruka aliruka vipi. Alianguka kama gunia la mihogo!"

Nesi akacheka mpaka akaficha uso. Mama Atim naye akacheka. Halafu kicheko kikamgeuka, akalia, na mimi sikujua niweke wapi mikono.

Alipotulia akaniambia, "Afande, lete lile beseni. Unioshe wewe. Mguu huu ukiagwa kwa mkono wako, nitakubali."

Nimekwenda Kyebando na kurudi katika matope hayo. Beseni lenyewe limebanduka rangi, watoto wetu wote wameogea humo. Nikapiga magoti. Mimi ambaye sijawahi kumwoshea mtu hata kikombe.

Vidole vimekuwa vyeusi. Harufu siisemi.

"Sugua kisigino," akasema. "Hicho ndicho kilichogonga ubao wa kurukia."

Nikasugua. Kisha akaomba karatasi ya daktari, akatia sahihi bila kutazama.

Nesi alitaka kuyamwaga yale maji. Nikamkatalia. Nikayatoa nje mwenyewe, nikayamwaga polepole kwenye shina la mche wa maua.

Kesho nitamsindikiza mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Ameniagiza nitembee taratibu, nisijifanye niko mashindanoni.

Maisha yangu yote nimetaka kufika wa kwanza. Kesho, katika ile njia, nataka tusifike.