Tairi za Kumbebea Mama Mkwe

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, manyunyu ya hapa na pale, na mimi roho juu juu.

Leo nimenunua tairi. Najua si habari ya kumwandikia mtu, lakini kwa nyumba hii ni habari kubwa.

Mama mkwe wangu anaishi Lingeka, huko Meatu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na Jumatatu anatakiwa hospitali hapa Bariadi kwa upasuaji. Tatizo si hospitali. Tatizo ni kwamba aliapa hapandi tena gari langu.

Simlaumu. Mvua za mwaka jana nilikuwa namrudisha kwake, tairi zikiwa vipara, tukazama kwenye ule udongo mweusi wa mbuga, unaong'ang'ania kama ugali wa muhogo. Mke wangu Minza hakuwepo. Na kwa mila zetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, wala hazungumzi naye hivi hivi bila mtu wa katikati. Sasa nani ambebe avuke tope? Yeye akakaa ndani ya gari, mimi nikasimama nje kwenye matope nikimpa mgongo kwa heshima, mpaka alipotokea jirani yake Nkwabi na ng'ombe wa jembe. Nkwabi na mama hawaelewani. Nkwabi ndiye aliyembeba.

Anajitapa nalo mpaka leo.

Kwa hiyo juzi Minza alipompigia simu kuhusu safari, mama aliuliza kitu kimoja tu: "Lile gari bado linavaa malapa?"

Asubuhi nikaenda dukani kwa Mama Tairi, mama mmoja mnene wa hapa mjini ambaye jina lake halisi sidhani kama kuna anayelikumbuka. Nilikwenda na rafiki yangu Maduhu, mwalimu wa shule ya msingi. Maduhu hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye breki, lakini hakuna video ya tairi ambayo hajaitazama kwenye simu.

Maduhu alikwenda moja kwa moja kwenye tairi za matope, zile zenye meno makubwa kama ya trekta. Akazipiga kofi.

"Kaka, hii ndiyo tairi. Hii inatafuna."

"Inatafuna, na ukifika kwenye lami inanguruma mpaka kichwa kinauma," Mama Tairi akasema. "Baba Kulwa, wewe hasa unatembea wapi?"

Nikanyoosha mgongo. "Porini. Porini sana."

Ukweli ni huu: natembea nyumbani, dukani kwangu ninakouza mbegu na dawa za pamba, na kanisani. Porini ni ukweni tu, tena nikiitwa.

Mama Tairi alitazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa vimepigwa rangi. Akaniletea tairi za kati. Meno yanatosha kushika tope, lakini yamekaribiana kiasi kwamba kwenye lami hazipigi makelele wala haziishi haraka. Ubavu wake mgumu, mwiba hauupiti kirahisi. Maduhu alizitazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.

Nakiri, moyo wangu ulitaka zile zinazotafuna. Nilishajiona nikiingia Lingeka nazo zikinguruma, Nkwabi akitoka nje kuangalia kuna nini. Lakini nikamfikiria mama wa watu, mgonjwa wa macho, anangurumiwa njia nzima. Nikachukua za kati.

Nilijiona mtu mzima.

Nilipofika nyumbani Minza alizizunguka mara moja na kuuliza, "Mbona kama ni zilezile?" Tukaondoka.

Tulipofika Lingeka, mama alitoka amejifunika kitenge kichwani. Kwa kuwa haoni vizuri, aliinama akapapasa tairi ya mbele, jino kwa jino, bila haraka. Kisha akamgeukia Minza.

"Mwambie tutajaribu."

Akapanda nyuma na kikapu mapajani. Ndani ya kikapu kulikuwa na kuku, zawadi ya wajukuu. Mimi kwenye usukani, Minza pembeni yangu akipokea na kurusha habari kama kituo cha redio. "Mama anauliza kwenu kumenyesha." "Mwambie kidogo." "Anasema kidogo." Mama alisikia tangu mwanzo, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Mvua ikatukuta njiani. Palepale pa mwaka jana gari likazama.

Nikakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka. Nikakanyaga zaidi, tope likaruka mpaka juu ya paa. Minza alivua viatu, akapandisha kitenge magotini, akafungua mlango.

"Nafuata ng'ombe."

Akaondoka. Tukabaki mimi na mama mkwe. Nikashika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele kama vile bado tunakwenda.

"Kuku," mama akasema.

Nilidhani anamkanya asichafue kiti.

"Kuku, muulize Baba Kulwa. Tairi ndizo hizi, au zile mpya kaziacha dukani?"

Nilifikiri kidogo, nikaona kukaa kimya ni utovu wa adabu mkubwa zaidi.

"Kuku, mwambie mama ndizo hizi. Mpya kabisa."

"Kuku, mwambie zinateleza vizuri."

Nikainamisha kichwa kwa aibu, na hapo ndipo macho yangu yalipotua kwenye ile gia ndogo iliyo kando ya gia kubwa. Ilikuwa imelala mahali pake, haijaguswa. Gari langu ni la four-wheel, lakini bila kufunga loki za magurudumu ya mbele na kuvuta ile gia, linasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Wiki nzima nimewaza tairi. Nimeota tairi. Four-wheel yenyewe sikuikumbuka.

Ningeweza kunyamaza. Lakini ili kufunga loki lazima nishuke, na ningesema nashuka kufanya nini?

"Kuku," nikasema. "Mwambie mama kwamba nimesahau kufunga four-wheel."

Kiti cha nyuma kikaanza kutikisika. Nikashtuka, nikageuka bila kufikiria mila. Mama mkwe alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, machozi yanamtoka, anacheka.

Nikashuka, nikafunga loki, nikarudi, nikavuta gia. Sasa tairi zikashika. Gari likajivuta polepole, likapanda, likatoka.

"Kuku," mama akasema akijifuta uso, "mwambie Baba Kulwa hili la gia Minza halimhusu."

Mbele kidogo tukamkuta Minza, matope mpaka magotini, anakuja na ng'ombe wanne. Nyuma ya ng'ombe, Nkwabi, ambaye shamba lake liko upande huu, uso umechangamka. Alipoona gari linatembea lenyewe, uchangamfu ukamtoka wote. Mama akashusha kioo.

"Mwadila, Nkwabi!" Akamsalimia kwa Kisukuma, salamu ndefu, akauliza hali ya watoto, mazao, na ng'ombe mmoja mmoja. Hakuacha hata mmoja.

Sasa ni usiku. Minza amewapigia simu dada zake wote kuwaeleza tairi hizi ni muujiza. Maduhu naye alikuja kuziangalia, akasema ndizo alizonishauri tangu mwanzo. Nimewaacha.

Baadaye nilikuwa kizingitini nakwangua tope kwenye viatu. Minza alikuwa anaoga, watoto kwa jirani. Dirisha la chumba alichofikia mama lilikuwa wazi.

"Baba Kulwa," sauti ikatoka. "Umekula?"

Nikageuka kutafuta anayesemeshwa kwa niaba yangu. Hapakuwa na mtu. Miaka yote ya ndoa yangu, mama huyu hajawahi kuniuliza kitu mimi mwenyewe.

"Bado, mama."

"Ingia ule. Chakula kinapoa."

Nikaingia, nikala peke yangu, na sikumbuki ilikuwa mboga gani.

Kesho asubuhi tutakutana uani. Je, nisubiri anisalimie, au nianze mimi? Na nikianza, nimtazame, au nitazame ukuta?