Rangi ya Buluu kwenye Usukani wa Martini

Karakana ya Nikodemu,
Kibirizi, Kigoma.
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Theophil,

Shikamoo. Je, Ujerumani umeshaizoea au bado unalala na soksi? Sisi tu wazima. Baba analalamikia goti kama ulivyomwacha. Dada yetu Catherine amejifungua binti huko Kagunga, na wote wawili hawajambo.

Nakuandikia nikiwa situlii. Nimekaa, nimesimama, nimetoka hadi ufukweni na kurudi, hata mwandiko unayumba.

Unaikumbuka fimbo ya usukani ya boti la Martini, ile nyepesi isiyoshika kutu, uliyosema ni titani ulipokuja likizo? Juzi ilipata ufa. Mimi nilikuwa Kalinzi kufunga mageti, basi mwenzangu Gasper akaichomelea kwa mashine yetu ya kawaida. Jana niliporudi niliikuta imeshafungwa botini, kiungo kinang'aa buluu, na watu wanaisifia rangi. Unajua hapa kwetu wateja huona rangi hiyo ni pambo.

Nilikumbuka ulivyotueleza kwamba titani ikipata moto mkali bila kukingwa hunywa hewa na kukatika kama biskuti. Ndiyo maana ninyi huko kazini kwenu hamuiyeyushi. Ncha ngumu inazunguka katikati ya vipande viwili hadi vinalainika na kukorogwa pamoja kama ugali, huku gesi ikizuia hewa, na chembe za kiungo zinakuwa ndogo na kushikana sana.

Mama alikuwa ameshaketi botini, tayari kwenda Kagunga na khanga za mjukuu. Nikamwomba Martini aifungue fimbo, akakataa kwa kuwa abiria wamejaa. Baba naye akanikemea niache kuwaaibisha watu. Kaka, nilichukua nyundo nikaigonga mara moja tu, ikakatika pembeni mwa kiungo.

Martini akasema, "Umenivunjia safari." Gasper alikwenda kukaa kwenye mawe. Namhurumia sana, maana hata mimi ningeipenda rangi ile kama usingekuja likizo.

Baba, kwa ubishi wake, akaenda kutoa kwenye kabati la vyombo kile kibati cha titani ulichotuachia, kilichoungwa kwa ufundi wenu. Akakibana kwenye jiliwa na kukigonga. Kikapinda, kiungo kikashika. Utamsamehe. Sasa anamwonyesha kila anayepita chuma kilichoungwa bila cheche.

Tumeweka fimbo ya chuma cha kawaida. Itashika kutu, lakini itapinda kabla ya kukatika. Asubuhi hii Mama alisimama kando ya boti akaniambia, "Igonge na hiyo, mwanangu, nikiona." Nikaigonga, ndipo akapanda. Tangu hapo simu yake haipatikani, na mimi ninaogopa, kaka, sitaki kukuficha.

Niandikie kama kuna njia ya kuiunga titani kwa karakana isiyo na mashine kama yenu. Kama hakuna, sema hakuna, nami nitawarudishia wateja titani yao.

Baba na Gasper wanakusalimu. Msalimie shemeji Joanitha. Mungu akukinge kama mnavyoikinga titani yenu.

Nilikuwa nafunga bahasha, ujumbe wa Mama ukaingia: "Nimefika. Sasa kaa chini."

Nimekaa, kaka. Ndiyo maana mistari hii ya mwisho inasomeka.

Mdogo wako akupendaye daima,
Nikodemu