Nimemficha Dada Sauti ya Mama Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana mimi ni mshonaji wa magauni na kompyuta yangu ni kuukuu, kila nikiiwasha inaniambia mfumo wake umepitwa na wakati na haulindwi tena, sasa shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni fundi wa kompyuta, kajitolea kuja kuweka mfumo mpya, anasema atafuta kila kitu aanze upya, na humo ndani kuna sauti ya marehemu mama, rekodi sitini na mbili akinifundisha kukata vitambaa huku anakohoa na kucheka, na ukweli ni kwamba dada hajui kama zipo, nimemficha miaka mitatu kwa sababu humo mama ananiita mimi mkono wake wa kulia, basi jana nikaburuta alama zote za rekodi hizo kwenye kioo nikazitia kwenye flashi, zikaingia kwa kufumba na kufumbua, nikazifungua palepale zikalia vizuri, lakini moyo umekataa kutulia. Je, nimwache shemeji afute?

Mshonaji mwenye wasiwasi

*

Mshonaji, pole kwa kufiwa. Moyo wako una akili kuliko mikono yako. Rekodi sitini na mbili haziingii kwenye flashi kwa kufumba na kufumbua. Tazama alama ulizoburuta: kama zina kishale kidogo pembeni, hizo ni njia za mkato, zinaonyesha tu rekodi zilipo. Zililia kwa sababu flashi ilikuwa bado kwenye kompyuta ileile. Shemeji akifuta, utabaki na anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Kwa hiyo asiguse kitu kwanza. Fungua folda yenyewe zilimo rekodi, nakili yote kwenye diski ya nje, na uwe na subira, itachukua muda. Kisha ichomeke kwenye kompyuta nyingine, usikilize ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Shemeji akifika, mwulize kama mashine hiyo ina nguvu na nafasi ya kubeba mfumo mpya. Ikiwezekana aiboreshe bila kufuta. Ikishindikana, usiiunganishe tena na mtandao, kwa kuwa hailindwi, ibaki ya kusikilizia tu.

Sasa nikuseme. Sauti ya mama yenu imekaa mahali pamoja miaka mitatu kwa sababu ya uchoyo wako. Ungemgawia dada tangu mwanzo, leo ingekuwepo nakala ya pili. Unaogopa ataumia akisikia unavyosifiwa? Huenda ataumia. Lakini naye ni mtoto wa mama huyohuyo, na miaka yote hii hajamsikia akicheka. Na kwa kuwa mumewe ni fundi, kompyuta ya kujaribia diski haikosekani kwake. Nenda Ijumaa, mwambie ukweli, bonyeza rekodi ya kwanza, halafu mwache asikilize.