Bastola ya Bibi Celsa

Mora, New Mexico
2 Machi 2003

Mjukuu wangu Delfina,

Hujambo, mama? Na mama yako hajambo? Huku theluji imeanza kuniachia njia, kuku wanataga, mimi napumua kwa mafungu. Daktari bado anataka kunipasua moyo. Nimemkatalia. Nimemwambia mashine ya zamani ukiifungua, skrubu zinakubakia mkononi.

Mwezi ujao unatimiza kumi na nane. Pasaka nakuja Colorado na bastola ya bibi yako, Mungu amrehemu. Alisema iwe yako. Nataka nikukabidhi kwa mkono wangu maadamu bado unashika.

Babu yako,
Epifanio


Pueblo, Colorado
16 Machi 2003

Shikamoo Babu,

Sisi hatujambo, ila Mama anakohoa. Babu, nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na katika zote mbili naona haya, lakini jana niliingia peke yangu kwenye duka la silaha. Nilijibanza penye soksi za wawindaji mpaka muuzaji, mzee wa masharubu, akaniita: "Binti, hizo soksi zimekukosea nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Ungekuwa bado unaishi kule kwa babu yako, angekupa ukifika kumi na nane, mambo yakaisha. Lakini yeye yuko jimbo lile, wewe jimbo hili. Lazima ipitie kwa muuzaji kama mimi, na mimi siruhusiwi kumkabidhi bastola mtu ambaye hajafika ishirini na moja."

"Hata ya bibi yangu?"

"Hata ya bibi yake Rais. Labda babu akuachie kwenye wosia. Ya urithi haina mlolongo huo."

Nilitoka bila kuaga. Yaani ukiwa hai nisubiri miaka mitatu, ukifa nichukue!

Njiani nikakumbuka ulivyokuwa ukipiga makopo ya maharage kwa bastola hiyo uani, Bibi ameniziba masikio kwa viganja vyake vinavyonukia pilipili. Mlio sikuusikia vizuri. Nilichosikia ni kicheko chake, kinatokea tumboni, mgongo wangu ukitikisika nacho.

Tafadhali, usije nayo.

Mjukuu wako,
Delfina


Mora
25 Machi 2003

Delfina,

Salamu kwa wote. Basi kumbe ni rahisi. Nakuandika kwenye wosia, na moyo huu utamalizia kazi iliyobaki. Au nije nayo nimeificha kwenye gunia la pilipili. Polisi gani atapekua pilipili ya mzee? Acha woga, mtoto.

Babu yako


Pueblo
1 Aprili 2003

Shikamoo Babu,

Natumaini umeamka salama. Ni kweli, mimi ni mwoga. Darasani jibu ninalo na mkono siunyooshi. Simu ikilia najifungia chooni. Sijawahi kukukatalia kitu maishani.

Kwenye gunia siitaki. Ukikamatwa kwa ajili yangu nitaishije? Na kwenye wosia ndiyo siitaki kabisa. Nifute humo. Nataka nikitimiza ishirini na moja tusimame wawili mbele ya yule mzee wa masharubu, unitanie mbele za watu mpaka nitamani ardhi inimeze. Bila wewe kusimama hapo, hicho ni chuma tu.

Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini ishi.

Mjukuu wako,
Delfina


Mora
8 Juni 2003

Mama yangu Delfina,

U mzima? Kifua cha mama yako kimetulia? Nisamehe kwa ukimya. Pasaka nzima nilinuna. Jirani aliniletea bakuli la supu ya posole, nikala nimemgeuzia mgongo. Mtu wa mwisho kunikatalia namna ile alikuwa bibi yako, na nyumba hii enzi hizo ilikuwa na kelele! Siku hizi nasikia mpaka jokofu likipumua.

Jana nilikwenda kwa daktari, nikamwambia anipasue Alhamisi. Akavua miwani. "Don Epifanio, nimekubembeleza mwaka mzima. Leo kumetokea nini?"

Nikamwambia, "Nina mjukuu. Hataki kurithi. Anataka kupewa."

Babu yako